Sura ya Saba: Lau Ningekuwa na Fedha

Katika maswali yaulizwayo na watu wanaojifunza Kifaransa, hakuna linalorudi mara nyingi kuliko hili: ikiwa mimi nasema "ningekuwa na fedha ningenunua pikipiki", nikaitia -nge- katika kitenzi cha kwanza na cha pili bila ya kubagua, kwa nini Mfaransa aitia mara moja tu, tena katika kitenzi cha pili, na akinisikia nimeitia kotekote ananisahihisha papo hapo? Swali ni la haki, na jawabu lake laweza kusemwa kwa maneno machache. Walakini maneno hayo hayatamfaa mtu asiyejua kwanza namna kitenzi cha Kifaransa kinavyoundwa kinapotiwa sharti, wala asiyejua akiba aliyo nayo tayari katika Kiswahili chake. Kwa hiyo namwomba msomaji avumilie, tuanze chini na kupanda taratibu, kama apandavyo mtu atokaye Masasi, penye vilima vya mawe, akauendea uwanda wa juu wa Makonde mpaka akafika Newala.

Nani ana haja na Kifaransa huku kwetu?

Mtu asimamaye Newala, ukingoni mwa Shimo la Mungu, aona bonde la Ruvuma chini yake, na ng'ambo ya mto aona Msumbiji, nchi inenayo Kireno. Basi akiuliza kwa nini asianze na lugha ya jirani aonekanaye kwa macho, sina hoja ya kumpinga, ila nitamwambia kwamba Kireno na Kifaransa ni watoto wa mama mmoja, Kilatini, na kwamba sehemu kubwa ya yatakayoelezwa hapa itamfaa huko pia. Lakini Kifaransa nacho hakiko mbali kama kidhaniwavyo. Ngazija na visiwa ndugu zake, yaani Komoro, ambavyo bahari tu ndiyo inayovitenga na pwani ya Mtwara, vina Kifaransa miongoni mwa lugha zake za serikali, na kisiwa cha Maore, yaani Mayotte, hata leo ni sehemu ya Ufaransa. Burundi na Rwanda, ambazo nazo zina Kifaransa miongoni mwa lugha zao za serikali, ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo serikali yake huandika Kifaransa ingawa watu wake wa mashariki waamka na kulala na Kiswahili, iliingia mwaka 2022. Huko Arusha, mahakama iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifanya kazi yake kwa Kiingereza na Kifaransa mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Na Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi, alipokwisha kuondoka Ikulu alipewa mwaka 2016 kazi ya kuongoza mazungumzo ya upatanisho wa Warundi, ambao mambo yao mengi ya serikali huandikwa kwa Kifaransa.

Tena uhusiano huo si wa jana. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa muda wa miaka 100, wapelekwe katika visiwa vya Wafaransa ambavyo leo twaviita Mauritius na Réunion. Aghalabu watu hao hawakuwa wa Kilwa. Waliteremshwa kutoka bara, katika nchi za Wayao na Wamakua na jirani zao, na hata leo huko Bukini, yaani Madagaska, wako watu waitwao Makoa, wazao wa mateka waliovushwa bahari. Wako basi wenye asili ya upande wetu waliotiwa katika utawala wa Wafaransa kwa minyororo, zamani sana kabla yetu sisi tunaokichagua Kifaransa kwa hiari na kukilalamikia vitenzi vyake.

Akiba tuliyo nayo

Edward Steere, askofu aliyeanzisha makazi ya Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani na kuletwa kutoka Unguja, alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, na ndani yake -nge- na -ngali- zimewekwa mahali pake kama nyakati za masharti. Nalitaja jambo hili kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba sarufi ni mali ya lugha za watu wengine, na kwamba Kiswahili, kwa kuwa twakisema bila ya kufundishwa, hakina kanuni. Ilhali kina kanuni, tena katika jambo hili la masharti kimepanga ngazi tatu zilizo wazi kabisa.

Tutazame mfano mmoja wa shambani. Mkulima wa mikorosho apulizia salfa ili maua ya mikorosho yake yasiliwe na ubwiri unga, ule ugonjwa unaoacha unga mweupe juu ya maua; mvua ikimnyeshea wakati huo, huiosha salfa yote, na kazi ya siku nzima ikawa bure. Mkulima huyo aweza kusema maneno matatu:

Mvua ikinyesha, tutapoteza mavuno.
Mvua ingenyesha, tungepoteza mavuno.
Mvua ingalinyesha, tungalipoteza mavuno.

Katika neno la kwanza atazama mawingu, na jambo laweza kuwa au lisiwe. Katika la pili mbingu ni safi. Awaza tu moyoni, na mvua imo katika dhana yake wala haimo angani. Katika la tatu msimu umekwisha kupita, korosho zimo magunia, naye akumbuka hatari iliyomwepuka. Najua kwamba siku hizi watu huzichanganya -nge-, -ngeli- na -ngali- kama watakavyo, na sitagombana na mtu kwa ajili ya hilo. Lakini aingiaye katika Kifaransa itampasa azitenge tena, kwa kuwa Mfaransa hazichanganyi. Sura hii ni ya ngazi ya pili, ile ya mvua iliyo katika dhana. Ya tatu tutaigusa tu.

Fauka ya hayo tuna maneno mawili tuliyopewa na Kiarabu, "lau" na "laiti", ambayo hayasimami vema ila penye jambo lisilokuwapo: "lau ningekuwa na mabawa", "laiti angalikuwa hai". Mtu aliyezoea kuyasikia vinywani mwa wazee wa pwani amekwisha kuielewa nusu ya sura hii kabla ya kufika mwisho wake.

Kitenzi kinavyoundwa

Hali hii Wafaransa huiita conditionnel présent, maana yake hali ya masharti kwa wakati uliopo. Huundwa kwa vipande viwili: shina, yaani sehemu ya mbele ya kitenzi ibebayo maana, na kiishio, yaani kile kipande cha mwisho kionyeshacho mtendaji ni nani. Msomaji aone tafauti iliyopo hapa baina yao na sisi: kwetu mtendaji na wakati hukaa mbele ya kitenzi, ni-nge-uza, na kwao wakati na mtendaji hukaa nyuma yake.

Shina ni sahali kulipata. Twaa kitenzi katika umbo lake la asili, lile ambalo kwetu huanza na ku- na kwao huishia kwa -er, -ir au -re. Kikiishia kwa -er au -ir, kitwae kizima kama kilivyo. Kikiishia kwa -re, ondoa ile e ya mwisho. Hivyo parler, kusema, chabaki parler-; finir, kumaliza, chabaki finir-; vendre, kuuza, chawa vendr-. Kisha tia viishio hivi:

je vendrais, ningeuza
tu vendrais, ungeuza
il vendrait, elle vendrait, angeuza
nous vendrions, tungeuza
vous vendriez, mngeuza
ils vendraient, elles vendraient, wangeuza

Ukitaka kukana, ambapo wengi leo husema "nisingeuza" na wazee wa pwani husema "singeuza", kizungushe kitenzi kwa ne na pas: je ne vendrais pas.

Viishio hivyo si vigeni. Ni vile vile vya imparfait, wakati uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea, ambao wakaribia "nilikuwa nikiuza" yetu. Na lile shina nalo si geni. Ndilo shina la wakati ujao, je vendrai, nitauza. Kwa hiyo sharti la Mfaransa ni shina la wakati ujao lililotiwa viishio vya wakati uliopita, na ajuaye nyakati hizo mbili hana la kuhifadhi tena.

Kuna kisa nyuma ya jambo hili, nami sipendi kukipita. Watu wa kawaida waliosema Kilatini zamani, walipotaka kutaja jambo lijalo, walisema kwa namna ya "kuuza ninako", wakikiweka kitenzi cha kuwa na kitu nyuma ya kitenzi kikuu. Na walipotaka kutaja jambo ambalo lilikuwa lije, au ambalo lingekuja, walisema "kuuza nilikuwa nako". Kwa kupita karne nyingi maneno mawili yakashikamana yakawa moja, na ndiyo sababu -ai ya je vendrai yafanana na j'ai, nina, na -ais ya je vendrais yafanana na j'avais, nilikuwa na. Asidhani msomaji kwamba huo ni upungufu wa Wazungu. Ile -ta- yetu ya "nitauza" nayo ni kipande cha kitenzi "taka" kilichokatwa kwa matumizi, na kitenzi chenyewe hujitokeza kizima tunaposema "mtu atakayekuja". Wao wameijenga kesho kwa kuwa na, sisi tumeijenga kwa kutaka.

Vitenzi vichache vina mashina yasiyofuata kanuni, na kwa bahati mbaya ndivyo vinavyotumika kila siku. Hivi sharti vikae kichwani:

être, kuwa: je serais
avoir, kuwa na: j'aurais
aller, kwenda: j'irais
faire, kufanya: je ferais
venir, kuja: je viendrais
pouvoir, kuweza: je pourrais
vouloir, kutaka: je voudrais
devoir, kupaswa: je devrais
savoir, kujua: je saurais
voir, kuona: je verrais

Ndani ya kila kimojawapo, viwe vya kanuni au visivyo vya kanuni, iko r mbele ya kiishio. Hiyo r ndiyo alama, nayo yastahili maneno yake peke yake.

Sauti moja yenye kazi kubwa

Viishio vinne kati ya sita, yaani -ais ya kwanza na ya pili, -ait na -aient, hutamkwa sawasawa, kama e yetu iliyofunguliwa kidogo, na herufi zinazofuata hazisikiki kabisa. Kwa hiyo je parlais, nilikuwa nikisema, na je parlerais, ningesema, hutafautiana sikioni kwa r ile tu, maana hata e iliyo mbele yake aghalabu humezwa. Ukiipoteza r, umelitoa sharti zima katika maneno yako, na yule aliyetaka kusikia utakalofanya amesikia ulilokuwa ukilifanya zamani.

Hapa watu wa huku wana mushkili wao. Chiyao cha asili hakina sauti ya r, na mzee aliyekijua Kiswahili ukubwani huweza kusema "balabala" akaeleweka na kila mtu sokoni Masasi. Katika Kifaransa huruma hiyo haipo. Lakini iko dawa, nayo imo katika Kiswahili chenyewe: r ya Kifaransa, hasa kama isemwavyo Paris, haitoki katika ncha ya ulimi bali yatoka nyuma ya kinywa, karibu sana na gh ya "ghali", "lugha" na "ghala". Aliyekaa madrasa akafundishwa ghaini anayo tayari. Aliyezoea kusema "gali" na "luga" aanze kwanza kwa kuyasema maneno hayo kama yapasavyo, kisha aseme je vendrais kwa gh hiyo hiyo, naye atashangaa jinsi mambo yalivyofunguka.

Ziko tena je parlerai, nitasema, na je parlerais, ningesema. Wasemaji waangalifu huzitenga kwa e mbili zilizo tafauti, lakini Wafaransa wengi hawazitengi, na sisi wenye e moja tu hatuna haja ya kujitesa kwa hilo midomoni. Katika kuandika ndiko penye hatari. Ukiwa na shaka, geuza mtendaji awe "sisi": ikiwa nous parlerons ndiyo iletayo maana uliyoikusudia, andika -rai bila s; ikiwa ni nous parlerions, andika -rais.

Kwa ufupi: shina la wakati ujao, viishio vya imparfait, na r isiyokosekana.

Si haikai na rais

Sasa tumefika penye swali lenyewe. Neno la Kifaransa lenye maana ya "kama" au "lau" ni si, nalo lisimchanganye msomaji na si yetu ya kukana. Mswahili atafsiriye neno kwa neno husema si j'aurais de l'argent, j'achèterais une moto, na hapo ndipo asahihishwapo. Maneno sahihi ni haya:

Si j'avais de l'argent, j'achèterais une moto.

Kitenzi cha kwanza, j'avais, ni imparfait, wakati uliopita. Cha pili tu ndicho kilichotiwa sharti. Walimu wa Ufaransa huwafunza watoto wao kwamba si hazipendi -rais, kwa kuwa watoto wao nao hukosea vivyo hivyo. Na kwa macho ya Mswahili kiishio hicho chasomeka kama cheo cha mkuu wa nchi, hata mwanafunzi wa Masasi, ambaye wilaya yake ilimtoa Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, hana udhuru wa kusahau kwamba si haikai na rais.

Lakini kanuni isiyo na sababu huchoka upesi kichwani, na sababu ya hii yapatikana tukiitazama vizuri -nge- yetu. Tunaposema "ningekuwa na fedha ningenunua pikipiki", hatuna haja ya kutia "kama", na mara nyingi hatuitii. Kwa nini? Kwa sababu -nge- ya kwanza yafanya kazi ya "kama": yafungua mlango wa dhana. Na -nge- ya pili yafanya kazi nyingine kabisa: yaonyesha tokeo, yaani lile ambalo lingefuata. Kumbe tulikuwa na -nge- mbili zenye sura moja na kazi mbili, nasi kwa kuwa twaisikia sauti moja twadhani jambo ni moja. Mfaransa amezigawa kazi hizo. Ya kwanza amempa si, ambaye hawezi kuachwa, na kwa kuwa si amekwisha kusema kwamba jambo ni la dhana, kitenzi kilicho pamoja naye chatosheka na kurudi nyuma katika wakati uliopita, kikionyesha kwamba jambo liko mbali na hali ilivyo sasa. Ya pili ameiachia conditionnel, ambayo kazi yake ni tokeo tu.

Kwa hiyo mtu asijiulize "-nge- kwa Kifaransa ni nini?", maana swali hilo halina jawabu moja. Ajiulize: hii ni -nge- ya kufungua au ya kufuata? Ya kufungua ni si pamoja na imparfait. Ya kufuata ni conditionnel. Turudie maneno ya mkulima wetu, naye akiyasema kwa Kifaransa:

Mvua ikinyesha, tutapoteza mavuno: Si la pluie tombe, nous perdrons la récolte.
Mvua ingenyesha, tungepoteza mavuno: Si la pluie tombait, nous perdrions la récolte.
Mvua ingalinyesha, tungalipoteza mavuno: Si la pluie était tombée, nous aurions perdu la récolte.

Katika ngazi zote tatu kitenzi cha upande wa si kiko nyuma ya mwenzake kwa hatua moja. Ya tatu ni mlango wa sura ijayo, nami naufungua kwa mfano mmoja tu wa huku kwetu: lau Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, wasingaliishambulia Masasi mwaka 1882, wamisionari wasingalihamia Newala kwa chifu Matola. Hayo yalikwisha kutukia na hayabadiliki, na ndiyo sababu hayaingii katika conditionnel présent, ambayo ni ya mambo ambayo bado mtu aweza kuyawaza mbele yake.

Mambo mawili madogo kabla hatujaondoka hapa. La kwanza, pande mbili zaweza kubadilishana mahali bila ya kubadili umbo: nous cultiverions des légumes si nous avions de l'eau, tungelima mboga lau tungekuwa na maji, maneno ambayo kila mtu wa Newala ayaelewa bila ya sharhi, kwa kuwa uwanda wa juu hauna mito na maji husukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni. La pili, iko si nyingine ambayo haifungui dhana bali yauliza: je me demande s'il accepterait, najiuliza kama angekubali. Hiyo yakaa na -rais pasipo ugomvi. Kiswahili nacho hutumia "kama" kwa kazi zote mbili, na mtu akitaka kuzitenga ajaribu kuweka "lau" mahali pake: palipo na "lau", -rais hairuhusiwi, "lau" ikigoma kuingia, -rais yaruhusiwa.

Sharti la adabu

Ajabu ni kwamba katika maongezi ya kila siku conditionnel haitumiki kwa masharti tu; hutumika sana kwa adabu pia. Mtu aingiaye duka la Bujumbura au Moroni akasema je veux du sucre, nataka sukari, atapewa sukari, maana fedha yake ni fedha; ila ameomba kama mtoto asiyefunzwa. Muungwana husema je voudrais du sucre. Sharti lake limefichwa: ningetaka, lau isingekuwa taabu kwako. Kadhalika husema pourriez-vous m'aider?, mngeweza kunisaidia?, na auriez-vous de la monnaie?, mngekuwa na chenji?, akimtumia vous, nyinyi ya heshima, hata kama aliye mbele yake ni mtu mmoja. Mtu mzima usiyemzoea huambiwa vous, na huku kwetu, ambako kijana hafungui mdomo mbele ya mzee kabla ya shikamoo, nadhani jambo hilo halihitaji kutetewa.

Kosa letu hapa ni la kutafsiri "naomba". Kiswahili chema chasema "naomba maji", na mwanafunzi mwenye adabu zake huenda akasema je demande l'eau, akistaajabu kwa nini mhudumu anamkodolea macho. Adabu ile ile iliyo ndani ya "naomba" yetu, kwao imo ndani ya je voudrais: je voudrais de l'eau, s'il vous plaît. Ningelazimishwa kuchagua neno moja la sura hii la kumpa msafiri aendaye Bukavu kesho asubuhi, ningempa hilo nikaachana na mengine yote.

Nasaha nazo hupita njia hii. Kijana wa Newala, akimwona mjomba wake ameshawishiwa na kangomba, yaani ile biashara ya kumuuzia mlanguzi korosho kwa siri, kwa kipimo chake na bei yake, badala ya kuzipeleka katika chama cha msingi zingojee mnada kwa stakabadhi ghalani, hawezi kumwamrisha. Kwa watu wa huku, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba ni mtu mkubwa mno. Atamwambia: "Mjomba, ungesubiri mnada." Hiyo -nge- haina sharti lolote, ni amri iliyotolewa makali. Mfaransa afanya vivyo hivyo kwa kitenzi devoir: mon oncle, vous devriez attendre la vente aux enchères. Au husema à votre place, j'attendrais, mahali pako mimi ningesubiri, ambapo si yenyewe imeondoka na tokeo limebaki peke yake. Na atakapo kutaja matamanio yake tu, husema j'aimerais: j'aimerais voir la mer, ningependa kuiona bahari.

Alisema atakuja

Yako matumizi mawili ambayo Kiswahili hakiyafuati, na kwa kuwa hakiyafuati ndiyo yanayopotosha wasomaji wa magazeti.

Tukisema "alisema atakuja", twaiacha -ta- ilivyotoka kinywani mwa msemaji, ingawa kusema kwenyewe kumekwisha kupita. Mfaransa haiachi. Maadamu kitenzi cha kusema ni cha jana, cha kuja sharti kiingie katika conditionnel: il a dit qu'il viendrait. Hapa hapana dhana wala shaka. Ni wakati ujao uliotazamwa kutoka jana. Ukikutana na viendrait ya namna hii, itafsiri "atakuja" bila ya hofu, kwani ukiandika "alisema angekuja", msomaji wako atangoja kusikia ni kitu gani kilichomzuia.

Matumizi ya pili ni ya habari zisizo na yakini. Tuzichukue siku zile za Novemba 2018, kabla Serikali haijatangaza kwamba itanunua korosho za wakulima kwa Sh 3,300 kwa kilo: mwandishi wa Kifaransa aliyesikia fununu tu, asiye na hati mkononi, angaliandika l'État achèterait toute la récolte. Mswahili akiisoma kwa kanuni za mwanzo wa sura hii ataelewa "Serikali ingenunua mavuno yote", naye ataitafuta ile "kama" asiione. Haipo. Maana yake ni "inasemekana Serikali itanunua mavuno yote". Mwandishi ameinua mikono yake juu ya habari ili asishikwe nayo ikigeuka uwongo. Baada ya tangazo kutolewa, mwandishi yule yule angaliandika achètera, itanunua, bila sharti lolote. Sisi kazi hiyo huwapa maneno mengine: inasemekana, yadaiwa, na lile neno dogo lenye ukali, "eti".

Basi usomapo habari za Kinshasa au Bujumbura na kukutana na -rait, fuata utaratibu huu. Tafuta kwanza si iliyo karibu. Ikiwapo na ikakubali "lau", ni tokeo la dhana, sema -nge-. Isipokuwapo, tazama kama kitenzi ni kimoja cha vile vya adabu, voudrait, pourrait, devrait, aimerait, na kama mtu anaomba au kushauri; ikiwa ndivyo, ni adabu tu. Halafu tazama nyuma kama yuko aliyesema, aliyeahidi au aliyetangaza kwa wakati uliopita. Akiwapo, sema -ta-. Ukiyakosa yote matatu, na ukurasa ni wa habari, andika "inasemekana", kisha subiri gazeti la kesho.